Land Cruiser la zamani na baridi ya Julai: Arusha hadi Empakaai

Alhamisi, Unga Limited

Julai Arusha haina utani. Wiki nzima Mlima Meru haujaonekana, manyunyu hayanyeshi wala hayakomi, na bodaboda wa Sakina wamejifunga makoti ya mtumba mpaka humtambui mtu unayemjua. Katikati ya hali hiyo mjomba kapanda basi kutoka Tanga na mkewe, anataka kuiona Ngorongoro. Nilimwambia aje Januari. Kaja Julai, na sweta moja.

Gari ni Land Cruiser HZJ75, la miaka ya tisini, injini ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2, dizeli, haina tabo. Lilirefushwa hapahapa Arusha kama wenzake wengi wa safari, likapewa paa la kunyanyuka. Kwa kazi ya porini sina neno nalo. Ila kwa baridi lilikuwa friji. Aliyeniuzia alikuwa ameshaikata hita: ile mipira miwili inayopeleka maji ya moto ndani imeunganishwa juu kwa juu na kipande cha bomba, basi. Mshale wa geji ya joto ukipanda, unapanda kidogo tu juu ya baridi na kukaa hapo siku nzima.

Nikampelekea fundi wangu, mtu mzima, amezeekea kwenye magari haya.

"Shikamoo fundi. Nataka gari lipate joto."

"Marahaba. Joto la kwenye injini au la kwenye kiti?"

"Kwani ni mawili?"

"Ni moja. Ndiyo maana nakuuliza."

Akafungua nyumba ya thamostati. Tupu. Nilishahisi, maana huo ndio ugonjwa wa magari ya zamani ya nchi hii. Gari likichemsha mara moja pale Makuyuni, gereji ya kwanza inang'oa thamostati na kusema tatizo limekwisha. Halijaisha. Thamostati ni mlango: injini ikiwa ya baridi inafunga, maji yanazunguka ndani ya injini tu yapate joto upesi, yakifika kiwango chake inafungua, yanakwenda kupoozwa kwenye rejeta. Ukiing'oa, maji yanakimbilia kwenye rejeta tangu unapowasha. Injini inatembea baridi, inakula dizeli zaidi, oili haipati joto la kukausha unyevu, na hita hata ukiiunganisha itakupulizia upepo vuguvugu. Na kile kilichochemsha gari mwanzo kinabaki palepale.

Kwangu kilikuwa rejeta. Tuliposhusha, mafundi wa rejeta wakafungua vichwa wakakuta mirija mingi ya upande mmoja imeziba kwa magamba ya kutu, kazi ya miaka ya kujaza maji ya bomba na ya mtoni. Wakapitisha vyuma vyembamba, mrija mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo pesa yangu kubwa ilipokwenda, na sijutii.

Thamostati mpya ni ya digrii 82, imeandikwa ubavuni. Fundi haamini maandishi. Akaazima jiko la mkaa na sufuria kwa mama ntilie wa jirani, akaining'iniza kwa waya isiguse chini, akatumbukiza kipimajoto. Tukachutama wote wawili. Sabini, kimya. Themanini, kimya. Ilipopita 82 kile kisahani cha katikati kikaachana na ukingo, upenyo mwembamba wa ukucha, kisha ukapanuka polepole mpaka maji yalipoanza kutokota. Arusha maji yanatokota kwenye digrii 95 hivi kwa sababu ya mwinuko. Akaitoa, akaiangalia ikijifunga yenyewe hewani. "Hii inafanya kazi," akasema, kana kwamba duka lilikuwa halijasema. Akaifunga kale katundu kenye kipini kinachochezacheza kakiwa juu, hewa ipate pa kutokea wakati wa kujaza maji.

Hita nayo ikarudishwa. Kabla ya kuiunganisha aliipitishia maji ya mpira wa bustani kinyumenyume. Yakatoka mekundu ya kutu, yakageuka meusi, yakatema vipande vya magamba, na ilichukua muda kabla hayajawa safi. Tukajaza kulanti, ile dawa ya rejeta, nusu, maji safi nusu. Si kwamba maji yetu yataganda njiani. Mchanganyiko huo unahimili hadi karibu digrii 37 chini ya sifuri, baridi ambayo hata Kibo, kilele cha Kilimanjaro, haiijui. Sisi tunaitaka kwa ajili ya kuzuia kutu. Na oili nimeweka 15W-40 badala ya ile nzito niliyoikuta, alfajiri ya baridi ifike juu ya injini upesi.

Ijumaa, Arusha hadi Karatu

Tumetoka saa mbili. Kabla ya Kisongo hita ilikuwa inapuliza moto wa kweli, na mkaza mjomba, aliyejifunga khanga mbili kichwani, akafungua moja. Mshale ulipanda hadi karibu na katikati, ukarudi chini kidogo thamostati ilipofungua, ukatulia. Nilikuwa nautazama mno. "Baba, tazama barabara," akaniambia mkaza mjomba.

Makuyuni tukakata kulia. Mto wa Mbu ni bondeni, chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na hapo ilitokea kinyume: joto la nje, na hita haifungi yote kwa sababu waya wa valvu yake umelegea. Mjomba akasema sasa yuko Tanga. Tukanunua ndizi nyekundu, tukapanda ukuta wa Bonde la Ufa gia ya pili. Injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo mlima ule ni wa subira na moshi mweusi. Rejeta safi, thamostati ndani, mshale haukuinuka hata upana wa kidole. Hilo ndilo nililotaka kuliona kabla ya kwenda juu zaidi.

Karatu tumelala nyumba ya wageni. Hakuna la kusimulia, isipokuwa blanketi zilikuwa nyembamba.

Jumamosi, Karatu hadi ukingoni

Asubuhi gari liliwaka kwa kulazimishwa. Stata ilizunguka sana, kisha injini ikashika kwa kutetemeka, silinda nne tu zinafanya kazi, moshi mweupe ukajaa uani mpaka mwenye nyumba akatoka na mswaki mdomoni. Moshi mweupe wa namna hiyo wakati wa kuwasha ni dizeli ambayo haijaungua. Mjomba, aliyetumia ujana wake kwenye vyumba vya injini vya meli za mizigo, hakuhitaji kuambiwa. "Mpwa wangu, hita plagi hizo."

Dizeli haina cheche. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na kwenye 1HZ dizeli inapulizwa kwanza kwenye chumba kidogo kilicho kando, ambacho kuta zake zikiwa za baridi zinanyonya joto lote. Hita plagi ndiyo inayokipasha. Kwa Moshi mjini unaweza kuishi na mbili mbovu usijue mwaka mzima. Karatu inakwambia siku ya kwanza.

Kijana wa gereji ya karibu na stendi alikuja na boksi lake. Alifungua nati ndogo za upau unaoziunganisha plagi zote sita, akazipanga juu ya kitambaa kwa mfuatano, akatoa upau. Kisha taa ya kupimia: waya mmoja kwenye chanya ya betri, ncha nyingine akagusa kichwa cha plagi ya kwanza. Taa ikawaka. Ya pili ikawaka. Ya tatu, hakuna kitu. Akakwangua kichwa kwa msasa, akagusa tena, hakuna. Ya nne na ya tano ziliwaka. Ya sita nayo imekufa.

"Dogo, usizikurupukie," mjomba akamwambia. Tukaiacha injini ipate joto, tukanyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, tukanywa chai, ndipo akazifungua kwa mkono mwepesi. Plagi ikikatikia ndani ya silinda hedi, kile kichwa cha injini, safari imekwisha na pesa imekwisha. Dukani wakatuletea zinazofanana kabisa kwa umbo. Mjomba akavaa miwani akasoma maandishi madogo: zilikuwa za mfumo wa volti 24, gari langu ni la 12. Ukizifunga hizo hazitapata joto la kutosha. Ukifanya kinyume chake zinaungua. Duka la pili walikuwa nazo za kwetu.

Wakati dogo anafunga, mjomba alitusimulia Finland. Anasema meli yao ilikuwa ikitia nanga huko wakati wa baridi, na kwenye maegesho ya magari kuna vinguzo vyenye soketi za umeme. Mtu akifika kazini anachomeka waya unaotoka puani mwa gari lake, kwa sababu ndani ya injini kuna kipasha maji. Saa ya kutoka injini ina uvuguvugu, gari linawaka kama kawaida. Na dizeli wanayouza majira hayo ni tofauti, kwa kuwa dizeli ya kawaida ina nta inayoganda kwenye filta.

"Kwa hiyo wao wanachomeka gari kama simu?" dogo akauliza.

"Kama simu. Na wewe hapa unalia na digrii kumi."

Lango la Lodoare tumepita saa saba mchana na kuingia moja kwa moja kwenye wingu. Ule msitu wa upande wa mashariki unaishi kwa ukungu: pepo za kusini-mashariki zinatoka baharini na unyevu wake, zinagonga mlima, zinapandishwa, zinapoa, zinageuka manyunyu. Ndevu za kuvumwani zinaning'inia kwenye kila tawi. Taa nimewasha, mwendo wa kuvizia, nyati anaweza kuwa amesimama kwenye kona yoyote.

Na kioo kikaingia ukungu kwa ndani. Mjomba alikuwa amefunga kila kitu kwa hofu ya baridi, tuko watu wazima watatu na dogo wetu wa kupika, si yule wa gereji, nguo zina unyevu. Pumzi zetu zote zinakwenda kutua kwenye kioo. Hapa hita inalipa gharama yake yote: hewa ya moto kwenye kioo, na dirisha moja lishushwe upana wa kidole ili unyevu upate pa kutokea. Ukiweka joto bila kufungua upenyo, unapika mvuke. Mkaza mjomba alibisha, akaona kioo kinavyosafika kuanzia chini kwenda juu, akashusha la kwake pia.

Pale kituo cha kwanza cha kutazamia kreta tulisimama na hatukuona kitu.

"Ndiyo Ngorongoro yenyewe hii?"

"Ndiyo, mama. Iko hapo chini."

"Nimeamini."

Kambi ya Simba iko ukingoni, zaidi ya mita 2,300. Jioni pundamilia wanakula nyasi kati ya mahema, nasi tunapiga meno. Gari nimeliegesha pua ikipa kisogo upepo. Injini ilipopungua moto nikaifunika chini ya boneti kwa blanketi la sufu la mtumba nililonunua soko la Kilombero. La sufu, si nailoni, maana nailoni inayeyuka. Kamba ya blanketi nimeifunga pamoja na ufunguo, ili asiwepo wa kuwasha gari na blanketi likiwa kwenye feni. Halisaidii mpaka asubuhi, tusidanganyane, lakini betri zilizo pembeni zinalala na uvuguvugu kidogo, na betri ya baridi si betri kamili.

Mjomba aliomba tuache injini inaunguruma usiku kucha, yeye na mkewe walale ndani. Nikakataa. Dogo naye akapendekeza jiko la mkaa liingizwe garini, madirisha yafungwe. Hapo sikukataa tu, nililibeba jiko mwenyewe nikalipeleka mbali. Moshi wa ekzosi na makaa yale yanayoonekana mekundu na safi yote yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu anasinzia kwa raha ya joto na haamki. Tulichemsha maji, tukajaza chupa, kila mtu akalala na yake miguuni ndani ya soksi.

Jumapili, Nainokanoka na Empakaai

Saa kumi na mbili kipimajoto changu nje kilisoma digrii tano. Nikatoa blanketi, nikageuza ufunguo, nikasubiri taa ya hita plagi izime, nikarudisha, nikarudia mara ya pili. Stata, mizunguko michache, ikawaka. Moshi mweupe kidogo, ukaisha.

Madereva wengi wanaliacha gari linaunguruma nusu saa ndipo waondoke. Dizeli ya namna hii ikiwa haina mzigo haipati joto. Unachoma mafuta na bado kiti ni barafu. Kwenye dashibodi ya HZJ kuna kitufe cha kuvuta cha kupandisha mwendo wa injini. Nakivuta kidogo, nasubiri oili ifike, kisha naondoka taratibu gia ndogo. Kilomita chache za mwendo mpole zinaleta hita kuliko kusimama.

Kijijini Nainokanoka tumemchukua askari wa kutusindikiza, na hapo nikamkuta dereva mwenzangu wa kutoka Moshi, gari kama langu, mbele ya rejeta kafunga katoni ya mayai kwa kamba ya manila.

"Mangi, thamostati unayo?"

"Ya nini? Hili halichemshi."

"Na katoni ya nini?"

"Wageni wanalia baridi."

Sikubishana naye sana, katoni inafanya kazi kwa namna yake. Shida ni kwamba haijui kufungua. Ukianza kupanda na mzigo inabidi ukumbuke kushuka kuitoa, na huku juu maji yanachemka kwenye digrii 92 tu kama mfuniko wa rejeta umechoka na hauzuii mgandamizo. Finland nako, anasema mjomba, malori yanafunga turubai puani, lakini ndani thamostati ipo.

Kwenye kreta ya Empakaai kulikuwa na jua. Ukivuka kuelekea upande ule mawingu yanapasuka, na tulipofika ukingoni ziwa lilikuwa chini kabisa, la buluu nzito, na ufukwe wenye waridi la heroe. Upande wa pili Oldoinyo Lengai imesimama peke yake. Mkaza mjomba alinyamaza dakika nzima, jambo ambalo mjomba alilitaja mara tatu njiani.

Wengine walishuka na askari kwenda ziwani. Mjomba magoti hayaruhusu, akabaki garini na kipimajoto changu. Niliporudi alikuwa na ripoti: tulipozima injini ndani ilikuwa digrii 19, nusu saa baadaye 11. "Unatengeneza joto vizuri," akasema, "lakini hulitunzi." Akanionyesha kwa kidole. Kwenye fremu ya mlango wa nyuma kulikuwa na mstari wa vumbi jekundu, mwembamba, umejichora ndani ya mpira. Mwingine chini ya raba ya gia. Na kwenye ukingo wa paa la kunyanyuka vumbi limetanda upande mzima. Pale vumbi linapopenya ndipo baridi inapopenya, na gari la safari linakuonyesha ramani yake bure kila siku. Akachukua kipande cha gazeti, akakibana mlangoni, akakivuta. Mlango wa mbele kiling'ang'ania, wa nyuma kikatoka bila kuchanika.

Tukaziba ya muda: shuka lililokunjwa kwenye paa, gunia chini ya mkeka miguuni, na raba ya gia tukaifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Kurudi Nainokanoka hewa ya miguuni ilikuwa imebadilika, na dogo alilala.

Jumatatu, kretani na nyumbani

Ukungu uliondoka saa tatu. Tumeshuka kwa barabara ya Seneto, upande mkavu, tukazunguka. Simba wawili, tembo dume karibu na msitu wa Lerai, faru kwa mbali sana ambaye mjomba anaapa alikuwa jiwe. Chini ni vuguvugu, paa tulilinyanyua. Kupanda kutoka Lerai ndiyo kipimo cha mwisho: gia ya chini, mzigo wote, jua la mchana. Mshale ulipanda juu ya katikati ukasimama. Nikafungua hita hadi mwisho na madirisha yote, maana hita ni rejeta ndogo ya pili, ukarudi chini.

Arusha tumeingia jioni, manyunyu palepale tulipoyaacha. Kesho gari linarudi kwa fundi kwa mpira mpya wa paa na wa mlango wa nyuma, pamoja na waya wa valvu ya hita. Mjomba hakusubiri kesho. Tukiwa Kisongo alimpigia simu kijana wake Tanga, akamwambia afungue Land Rover la nyumbani aangalie kama thamostati imo. Tukala ugali, simu ikalia.

Haimo.